Kioo cha paa la gari jipya kimepasuka: tafuta mwanzo wa ufa kabla hujapiga simu

Gari nililichukua Dar es Salaam Jumamosi ya tarehe 11 Januari 2025, dashibodi ikisoma kilomita 14. Ni gari langu la tatu, na la kwanza kununua likiwa jipya. Mawili ya mwanzo yalikuwa ya mtumba kutoka Japani. Paa lake karibu lote ni kioo, kuanzia juu ya dereva hadi usawa wa siti ya nyuma. Watu huliita sanrufu, ingawa langu halifunguki. Ni kioo kimoja kilichogandishwa kwa gundi, na chini yake kuna pazia la kuvuta.

Jumapili ya tarehe 2 Februari, siku ya 22, gari likiwa limelala uani kwangu Chumbageni, Tanga, nilivuta pazia asubuhi nikaona mstari. Ulianzia ukingo wa kulia, karibu na mlango wa nyuma, ukaja katikati na kupinda kama mkia wa samaki taa. Niliupima kwa rula ya mwanangu: sentimita 31. Hakuna tawi lililoanguka, hakuna embe, hakuna jiwe juu ya paa. Kilomita zilikuwa 1,140.

Ninaandika haya kwa sababu siku ile sikupata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili nianzie wapi, na nilifanya makosa mawili ambayo nusura yanigharimu kioo kizima. Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: atakayelipa ama ni aliyekuuzia gari, kwa waranti, yaani dhamana ya gari jipya, ama bima, ama wewe, na kinachoamua ni mahali ufa ulipoanzia. Mahali hapo panaonekana vizuri siku za kwanza. Baadaye ufa hurefuka, vumbi na sabuni huingia, na kila mtu anaweza kusema lake.

Saa ya kwanza

Vuta pazia la paa lifunike. Kama kuna watoto, wasikae chini ya ufa. Teremsha vioo vya milango kidogo, upana wa kidole tu, kabla ya kufunga mlango wowote. Gari jipya hufunga kwa kubana sana. Ukibamiza mlango vioo vyote vikiwa vimefungwa, hewa ya ndani husukuma paa kwa ghafla, na ufa hupata pa kwenda. Sogeza gari kivulini, lakini si chini ya mnazi wala mwembe, maana alama ya kugongwa juu ya kioo litaharibu ushahidi wote.

Usiwashe kiyoyozi kwa nguvu gari likiwa limetoka juani. Usimwage maji. Usipake kitu. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, alikuja na supagluu. Nilimshukuru nikamzuia, na hilo ndilo jambo nililolifanya sawasawa siku ile.

Kisha piga picha. Nina duka la dawa, kuandika tarehe na namba ni mazoea yangu, na mazoea hayo ndiyo yaliyoniokoa. Nilipiga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita. Ya gari zima likiwa limeegeshwa, ili ionekane hakuna mti juu yake. Ya ufa mzima kutoka nje na kutoka ndani. Na picha za karibu za ncha zote mbili, nikiwa nimeweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa uonekane. Piga pia muhuri mdogo uliochapwa kwenye pembe ya kioo, na namba ya chesisi. Mwisho nilibandika kipande kidogo cha gundi ya karatasi mbele ya ncha ya ufa, bila kuigusa, nikaandika juu yake tarehe na saa. Kila asubuhi nilipima tena. Ukifanya hivyo hutabishana na mtu kama ufa unakua au umetulia.

Gundi ya karatasi, ile ya mafundi rangi, haing'oi rangi ya gari. Ile ya plastiki ya kufungia maboksi, ikipigwa na jua la pwani siku tatu, huacha utando ambao utautoa kwa shida.

Kosa langu la kwanza

Jumatatu asubuhi kijana anayeniosheaga gari alikuja kama kawaida yake, nami nilikuwa dukani. Sikuwa nimemwambia. Alilitoa uani, jua la kaskazi lilikuwa limekwisha kulichoma, akalipiga maji kwa presha pampu. Niliporudi mchana ufa ulikuwa sentimita 44.

Sababu yake ni rahisi. Kioo kikipata joto hutanuka, kikipata baridi husinyaa. Juani, katikati ya paa hupata joto sana, wakati ukingo uliojificha chini ya mpira na ule mkanda mweusi uliochapwa pembeni mwa kioo hubaki na joto tofauti. Tofauti hiyo huvuta kioo ukingoni, na kama ukingoni pana pengo, hata dogo mno, ndipo ufa huanzia. Maji ya baridi juu ya kioo cha moto hufanya kazi hiyo hiyo kwa dakika moja. Kwa hiyo mwambie kila anayeligusa gari lako: kijana wa kuosha, dereva, mume, shemeji. Bandika karatasi kwenye usukani ikibidi.

Ni kioo cha aina gani

Vioo vya paa viko vya aina mbili, na lazima ujue chako. Tazama ule muhuri wa pembeni. Vingi huandikwa waziwazi LAMINATED au TEMPERED, pamoja na jina la kiwanda na, kwa magari yanayofuata viwango vya Ulaya, herufi E ndani ya duara na alama 43R.

Cha LAMINATED ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele. Kikipasuka hubaki mahali pake. Cha TEMPERED ni kioo kimoja kilichochomwa kiwandani na kupozwa ghafla kwa upepo ili kiwe kigumu. Kikipasuka, huvunjika chote kwa mara moja na kuwa punje punje. Hata bila kusoma muhuri basi, kama unaona mstari wa ufa umetulia, una cha LAMINATED.

Binamu yangu anayeishi Maskati alikuwa na kile cha pili. Paa lake lilipasuka kwa kishindo mchana wa kiangazi akiwa barabarani, yeye akadhani ni risasi. Pazia lilikuwa limefungwa, likadaka punje nyingi. Kioo cha namna hiyo kinaweza kupasuka chenyewe miaka kadhaa baada ya kutoka kiwandani kwa sababu ya chembe ndogo sana ya madini, nikeli salfaidi, iliyobaki ndani wakati wa kukiyeyusha. Ikikupata, washa taa za tahadhari, punguza mwendo taratibu, egesha. Usifungue pazia. Vaa glavu, funika kwa nailoni kutoka nje, na kwa kasi kubwa usiende tena, maana upepo utainyanyua nailoni pamoja na punje zilizobaki. Chukua punje chache uziweke kwenye mfuko. Kipande chenye muhuri ukikipata, kitunze.

Kalamu ya mzee wa vioo

Jumatatu ile ile nilimpigia simu mshauri wa huduma wa waliouza gari. Hakuomba hata picha. Alisema, "Hilo ni jiwe, mama. Waranti haihusiki na jiwe." Kosa langu la pili lilikuwa kupiga simu kabla sijajua nina nini mkononi. Sikuwa na la kumjibu.

Jumanne nilikwenda Ngamiani kwa mzee mmoja anayebadilisha vioo vya magari tangu nikiwa msichana. Nilimwamkia, nikamwonyesha. Hakuleta chombo chochote ila kalamu ya wino ya kawaida iliyokuwa mfukoni mwake. "Mwanangu," akasema, "ufa wa jiwe una shimo. Tulitafute shimo."

Alikausha kioo kwa kitambaa laini, akaweka ncha ya kalamu juu ya ufa, akaipitisha polepole kutoka ncha moja hadi nyingine bila kukandamiza. Jiwe likigonga kioo hung'oa kipande kidogo, na kalamu ikifika hapo hunasa, hutumbukia. Mara nyingi utaona pia unga mweupe, au mistari mifupi inayotawanyika kama miguu ya buibui kutoka sehemu moja. Ufa wa kuvutika hauna kitu hicho. Huanzia ukingoni, hutoka ukiwa umenyooka wima dhidi ya ukingo kwa sentimita chache, ndipo hupinda. Kalamu ya mzee iliteleza kutoka mwanzo hadi mwisho, mara tatu, nami nikirekodi video kwa simu.

Halafu alipitisha ukucha nje, kisha ndani. Nje ukucha ulinasa kwenye mstari. Ndani kulikuwa laini. Maana yake ni kioo cha juu tu kilichopasuka, cha chini kizima. Hili ni muhimu kwa usalama wako na kwa kuamua kama unaweza kuendesha gari huku unasubiri.

Fanya jaribio hili mwenyewe, mchana, na lenzi ya kukuzia kama unayo. Na uwe mkweli kwa nafsi yako. Jiwe linaweza kugonga karibu kabisa na ukingo, na shimo lake likawa dogo kama kichwa cha pini. Kama liko, liko. Basi acha habari ya waranti, nenda kwenye bima. Ukidai waranti kwa ufa wenye shimo utapoteza wiki nzima, na bima nayo itakuuliza kwa nini umechelewa kutoa taarifa.

Jambo moja zaidi kutoka kwa mzee. Kuna mafundi watakaokwambia watoboe tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, au wajaze rezini, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Rezini inafaa kwa shimo dogo la jiwe lililo mbali na ukingo, kwenye kioo cha LAMINATED, na bima ikiwa imekubali. Kwa ufa ulioanzia ukingoni haishiki. Na tundu likishatobolewa, gari lako lina shimo, na wewe ndiye uliyelitoboa.

Andika

Baada ya hapo sikupiga simu tena. Jumatano ya tarehe 5 niliandika barua pepe kwa meneja wa huduma, nakala kwa ofisa mauzo aliyenikabidhi gari. Soma kwanza kijitabu chako cha waranti, ukurasa wa vioo. Vingi husema kioo kilichovunjwa na kitu kutoka nje hakihusiki, lakini kasoro ya kioo au ya ufungaji inahusika. Barua yako iingie katika mlango huo ulioachwa wazi. Yangu ilikuwa fupi:

"Nililipokea gari tarehe 11 Januari. Tarehe 2 Februari, kwa kilomita 1,140, nilikuta ufa kwenye kioo cha paa gari likiwa limeegeshwa. Ufa unaanzia ukingo wa kulia. Hakuna alama ya kugongwa. Naambatanisha picha 14 na video. Naomba mlikague na mnipe majibu kwa maandishi. Kama mtasema ni jiwe, naomba mnionyeshe kwenye picha mahali jiwe lilipogonga. Naomba pia mniandikie kama ni salama kuliendesha hadi kwenu."

Sentensi ya jiwe ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Mtu akiambiwa aonyeshe, hawezi tena kujibu kwa mazoea. Usitukane, usitishe, usiandike kurasa nne. Na usiseme "labda" mahali ambapo huna hakika, liache. Neno moja kama "labda kuna kitu kiligonga usiku" litanukuliwa na upande wa pili hadi mwisho.

Jibu lilikuja Jumatatu ya tarehe 10: lileteni gari Alhamisi.

Dai langu lingekataliwa, nilikuwa nimejiandaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaofaa, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji. Ningepeleka picha zile zile. Haikufika huko.

Bima

Hata ukiamini ni waranti, toa taarifa kwa bima yako siku hizo hizo, kwa maandishi, ukisema unasubiri majibu ya muuzaji. Mikataba ya bima hutaka taarifa ya mapema. Taarifa si dai. Waulize walithibitishe hilo, ili usipoteze punguzo la kutodai. Bima ndogo hailipi kioo chako, hiyo ni ya kuwafidia wengine. Bima kubwa hulipa, ila soma kipengele cha vioo neno kwa neno. Mikataba mingine hutaja kioo cha mbele peke yake na kukiwekea kikomo cha fedha, na kioo cha paa hugharimu zaidi ya kioo cha mbele kwa mbali. Uliza: kioo cha paa kimo? Kikomo ni kiasi gani? Nitachangia kiasi gani mwenyewe? Wakala wangu alilazimika kupiga simu makao makuu kupata jibu la swali la kwanza. Mwenye gari lenye paa la kioo angeuliza hilo siku ya kukata bima, kabla ya kulipa.

Bima ikikukatalia kinyume na mkataba, malalamiko huenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Safari na kungoja

Niliondoka Tanga kwenda kwao Dar es Salaam Alhamisi ya tarehe 13 saa kumi na moja alfajiri ili jua lisinikute mapema. Sikuzidi kilomita 80 kwa saa, matuta niliyapanda taratibu wala si kwa pupa, na malori yaliyobeba kokoto sehemu za Lugoba niliyaachia nafasi ndefu. Ufa uliongezeka sentimita mbili.

Dai kuwapo wakati wa ukaguzi. Waliniambia nisubiri kwenye sofa. Nikasema kwa upole nitasimama pembeni. Fundi wao aliinua mpira wa ukingoni mahali ufa ulipoanzia, na chini yake palikuwa na pengo dogo kama punje ya mchele, kwenye ubavu wa kioo, mahali ambapo jiwe la barabarani haliwezi kufika. Nilipiga picha hapo hapo. Pia niliomba kadi ya kazi iandikwe nilichokiona, si "mteja analalamika ufa" tu, na sikuisaini mpaka ikaandikwa.

Tarehe 21 Februari walikubali. Kioo kilipaswa kuagizwa nje, na kusubiri kulikuwa wiki tano, masika ikiingia katikati. Gari nililitumia mjini tu, taratibu. Usiku nililifunika kwa turubai laini, nikihakikisha halina mchanga wa kukwaruza.

Siku ya kubadilisha

Hapa sikupumzika, maana paa lililofungwa vibaya litavuja miaka yote, na maji huharibu nyaya kabla hujaona doa. Kazi hii si ya nusu saa. Dari ya kitambaa hushushwa, na kando ya paa kuna mifuko ya hewa ya ajali, hivyo betri lazima itolewe kwanza. Gundi ya zamani hukatwa, fremu husafishwa, rangi ikikwaruzwa hupakwa dawa ya kuzuia kutu, ndipo gundi mpya ya poliyurethani na kioo. Silikoni ya madirishani haifai hapa. Ukiona tyubu yake mkononi mwa fundi, simamisha kazi.

Uliza gundi inataka saa ngapi kabla ya kuendesha. Imeandikwa na mtengenezaji, na hutegemea joto na unyevu. Kazi yangu ilifanywa Jumatano ya tarehe 26 Machi, na gari nililiacha hadi Ijumaa. Kabla ya kulichukua tulilipiga maji ya bomba, si presha, dakika 15, mimi nimekaa ndani na tochi nikiangalia pembe nne. Kama paa lako hufunguka, kuna mifereji ya kutolea maji pembeni: mimina kikombe cha maji uone kama yanatoka chini ya gari. Linganisha muhuri wa kioo kipya na picha ya ule wa zamani. Nilitaka LAMINATED, nikapata LAMINATED. Na hati iseme kioo kimebadilishwa kwa waranti, tarehe na kilomita zikiwamo.

Nilirudi Ijumaa ya tarehe 28, Idi ikiwa imebakiza siku chache, mvua ikinyesha tangu Segera. Nilifika Chumbageni karibu na kufuturu. Kabla ya kushuka nilipitisha kiganja kwenye kitambaa cha dari, kutoka mbele hadi nyuma, nikakikandamiza kwenye kila pembe. Pakavu.